UZI: Johnny Walker, mlevi wa picha za Kihindi ambaye hakuwa mnywaji. Tuichambue kazi yake

MkaaBalkoni:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa Johnny Walker, yule bwana mwembamba mwenye sharubu za mstari na sauti ya puani, aliyeonekana kwenye picha za Kihindi kama 300 kuanzia miaka ya 1950. Sura yake inakumbukwa na kila aliyekaa Majestic ya Unguja au Avalon ya Dar enzi zile, ila kazi yake inadharauliwa. Watu husema, "huyu ni wa kuchekesha, stelingi apumzike." Si kweli. Katika picha zake nzuri, ukiitoa sehemu yake hadithi inakwama.

Kwanza maisha. Jina lake la kuzaliwa ni Badruddin Jamaluddin Kazi, mtu wa Indore. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa familia ikahamia Bombay, na kijana akachuuza matunda, mboga, barafu, chochote chenye senti. Mwishowe akapata ukondakta kwenye mabasi ya shirika la BEST, mshahara rupia 26 kwa mwezi. Ndani ya basi alikuwa akitangaza vituo kwa vichekesho na kuiga sauti za watu, na abiria wakafurahi.

Balraj Sahni, mwigizaji ambaye wakati huo alikuwa anaandika hadithi ya Baazi, akakiona kipaji hicho. Akampangia mtihani: aingie ofisini kwa Guru Dutt akijifanya mlevi. Akaingia na kuwasumbua waliokuwemo, nao wakaamini kweli ni mlevi wa mtaani. Ilipobainika kwamba anaigiza, akapewa nafasi kwenye Baazi, mwaka 1951, picha ya kwanza ya Guru Dutt kama muongozaji, stelingi Dev Anand. Jina la Johnny Walker alipewa na Guru Dutt, kutokana na ile wiski. Naye alisema maisha yake yote kwamba pombe hakuwahi kuigusa.

Utazameni mtihani ule vizuri. Hapakuwa na kamera wala taa, hapakuwa na muziki wa kumwambia mtazamaji acheke, na watu wako hatua mbili mbele yake. Kwenye sinema kosa dogo hufunikwa na mkato, yaani kuruka kwenda picha nyingine. Ofisini hakuna mkato.

StelingiHafi:
Asante kwa uzi, mkuu. Swali mbili. Je, mlevi wa Johnny Walker anatofautianaje na mlevi wa Keshto Mukherjee, yule mchekeshaji mwingine wa picha za Kihindi? Na kwa wanaotaka kuigiza ulevi kwenye filamu zetu, afanye nini mtu asiyekunywa? Maana tunayoyaona ni kupepesuka mwanzo mwisho.

RiliYaTatu:
Mkuu, kupepesuka mwanzo mwisho ndilo kosa namba moja. Mlevi wa kweli hataki kuonekana amelewa. Nguvu zake zote anazitumia kuonekana mzima, na kichekesho kinatoka kwenye hiyo juhudi. Mwigizaji akiigiza ulevi, mtazamaji anaona uigizaji. Akiigiza mtu anayeficha ulevi, mtazamaji anamwona mlevi.

Mtazame Johnny Walker kwa makini, anza na macho. Hayazungukizungui ovyo. Anachagua kitu kimoja, uso wa mwenzake au ukingo wa mlango, anakishikilia, kisha kichwa ndicho kinachohama taratibu huku macho yamebaki pale. Halafu kuna kuchelewa. Akiulizwa swali, jibu linakawia. Kwenye filamu picha 24 hupita kwa sekunde, kwa hiyo nusu sekunde ni picha 12. Hizo 12 zinatosha mtu kuona kwamba neno limefika masikioni lakini bado halijafika akilini. Ukizidisha hadi sekunde mbili mtazamaji anadhani mwigizaji amesahau maneno.

Mkono nao. Akitaka kushika kitu, anakikosa kwa shubiri moja, anausahihisha mkono kwa heshima zote, anakishika kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Na ulimi: wengi huburuta kila neno. Sahihi ni kutamka maneno kwa uangalifu uliopitiliza, kisha neno moja tu linateleza, lile gumu. Likiteleza mara moja kwa sentensi linachekesha. Yakiteleza yote hakuna anayesikia unasema nini, na sini imekufa.

Kosa jingine kubwa halihusu mwili, linahusu ratiba. Filamu haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi. Sini ya mlangoni inaweza kushutiwa Jumatatu, na ya ndani ya chumba, ambayo kwenye hadithi inafuata dakika moja baadaye, ikashutiwa wiki tatu mbele. Usipoandika kiwango cha ulevi kwenye skripti, mtu anaingia mlangoni hoi na chumbani amezinduka. Njia rahisi: weka namba pembeni ya kila sini, 1 mpaka 5, pamoja na alama za mwili: shati limechomekwa au la, kifungo cha ngapi kimefunguliwa, nywele ziko upande gani. Msaidizi wa muongozaji abaki na nakala.

Kuhusu Keshto: yeye alijenga mlevi wa kwikwi na kope nzito, mlevi aliyekwisha kushindwa. Anaingia, anatoa kwikwi, ukumbi unacheka. Alipata tuzo ya Filmfare, ile tuzo kubwa ya picha za Kihindi, ya mchekeshaji kwa Khubsoorat ya 1980, na aliistahili. Ila mlevi wake hubaki pale pale. Mlevi wa Johnny Walker bado anapigana na ulevi wake, ndiyo maana anaweza kubebeshwa hadithi.

MkaaBalkoni:
RiliYaTatu umeeleza vizuri sana. Niongeze jinsi sini zenyewe zilivyopikwa. Johnny Walker alisimulia kwamba Guru Dutt alikuwa akimwambia: hii hapa sini yako, haya hapa maneno yako, ukiweza kuyaboresha fanya. Kwa hiyo kila zoezi aliongeza kitu. Guru Dutt hakumtazama yeye peke yake, alikuwa anageuka kuwatazama vijana wa taa, mpiga picha na wasaidizi kama wanacheka. Na palikuwa na msaidizi kazi yake ni kuandika kila alichokisema kwenye zoezi.

Hiyo kazi ya kuandika ndiyo kiini. Ubunifu wa papo kwa papo unapotea kwa sababu hauandikwi. Zoezi la tatu mtu anatoa neno zuri, kamera inapowashwa la tano halikumbuki. Na usisubiri kicheko cha watu wale wale mara nyingi: vijana wa taa wakishaisikia mara nne hawacheki tena hata kama ni nzuri. Kicheko cha kuamini ni cha zoezi la kwanza na la pili.

BintiMalindi:
Kaka zangu mmesahau nyimbo, na kwa Johnny Walker nyimbo ni nusu ya kazi. Kabla yake mchekeshaji kupewa wimbo mzuri ilikuwa bahati. Yeye alifika mahali wasambazaji wa filamu wanauliza wimbo wake uko wapi.

Hesabu zenyewe: Mr. & Mrs. '55 ya mwaka 1955, wimbo wa ofisini na Yasmin, "Jaane kahan mera jigar gaya ji", sauti za Mohammed Rafi na Geeta Dutt, muziki wa O.P. Nayyar. CID ya 1956, "Ae dil hai mushkil jeena yahan", wa mitaa ya Bombay, waimbaji na mtunzi wa muziki wale wale. Naya Daur ya 1957 anatua kijijini kama mwandishi wa habari kutoka Bombay, picha ikiwa imekwenda mbali, na wimbo wake ndio kitambulisho chake. Pyaasa, 1957 pia, "Sar jo tera chakraye", muziki wa S.D. Burman, maneno ya Sahir Ludhianvi. Madhumati ya 1958 ana wimbo wa ulevi, muziki wa Salil Chowdhury na maneno ya Shailendra: analalamika kwamba tausi akicheza porini hakuna anayemwona, yeye akinywa kidogo na kuyumba kila mtu kamwona.

Huo wa Pyaasa tuutazame kwa karibu. Yeye ni Abdul Sattar, msugua vichwa wa bustanini, ana chupa zake za mafuta na taulo. Wimbo unaanza na mwito wa biashara, jinsi muuza kahawa wetu anavyogonga vikombe kabla hujamwona. Halafu angalia mikono. Inagonga kichwa cha mteja kwenye mdundo, midomo inafuata maneno, miguu inazunguka mteja kwa hatua ndogondogo. Mambo matatu kwa wakati mmoja, na uso unamtazama mteja mwingine anayepita, maana mchuuzi hamwachi anayepita. Ule uso ndio unaonifanya niseme huyu mtu alikuwa anawajua wachuuzi. Hakuna muongozaji anayeweza kumfundisha mtu kutafuta mteja wa pili huku mikono iko kwa wa kwanza.

StelingiHafi:
Dada BintiMalindi, mimi miaka yote nilijua anaimba mwenyewe. Sauti ni yake kabisa!

FundiSauti:
Ni Rafi, kaka, na kudhani hivyo ndiyo sifa kubwa unayoweza kumpa Rafi. Alikuwa anauliza wimbo utachezwa na nani, kisha anaibadili sauti. Ya stelingi Dilip Kumar inatoka kifuani, imetulia. Ya Johnny Walker anaipeleka puani, anakata miisho ya maneno, anaingiza miguno na vicheko vidogo kati ya mistari, vitu ambavyo havimo kwenye noti. Anamwachia mwigizaji mahali pa kuweka jicho au bega.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wimbo unarekodiwa kwanza studio, mwimbaji na wapigaji wote pamoja. Siku ya kushuti sauti inapigwa kwa spika, mwigizaji anaufuata. Hapo ndipo wengi wanapokosea mpaka leo: wanafungua mdomo bila kutoa sauti. Shingo haidanganyi. Anayeimba kweli misuli ya koo inaonekana, kifua kinapanda kabla ya mstari kuanza. Asiyeimba kifua kimelala. Kwa hiyo unatakiwa uimbe kwa sauti, hata kama sauti yako ni mbaya, kwa sababu kipaza sauti hakirekodi chochote cha kutumika.

La pili ni pumzi. Mwimbaji alivuta pumzi mahali fulani, nawe lazima uvute pale pale. Sikiliza wimbo na kalamu mkononi, weka alama kila anapovuta. Mashairi ya dakika 3 yana alama nyingi kuliko unavyodhani. Mchekeshaji anayekosa pumzi anakosa kila kitu, kwa sababu miguno yote ya Rafi inatoka mara tu baada ya pumzi.

La tatu ni mwendo wa mashine. Kamera na mashine ya sauti zisipokwenda mwendo uliofungwa, wimbo unaanza sawa na mwisho wake midomo imeachwa nyuma. Ndiyo sababu walishuti vipande vifupi, mstari mmoja au miwili, kisha pembe nyingine.

MkaaBalkoni:
Sasa nirudi kwenye dai langu la mwanzo, kwamba mchekeshaji huyu amebeba hadithi. Pyaasa: Vijay, mshairi, amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, dunia inajua amekufa, ndugu zake wamekula njama. Nani anamsaidia kutoroka? Msugua vichwa. Kama usingempenda Abdul Sattar kwenye ule wimbo wa bustanini, usingeamini kwamba atajitia hatarini kwa ajili ya mshairi maskini. Wimbo ulikuwa unaandaa tendo hilo tangu mbali.

CID: yeye ni Master, mwizi wa mifukoni, naye anajikuta shahidi wa mauaji. Polisi wanamhitaji, wauaji hawamtaki. Mchekeshaji anayeogopa kusema alichokiona, hapo kicheko na hofu vimekaa kiti kimoja.

Anayeandika skripti achukue jambo hili: mpe mchekeshaji kitu ambacho stelingi hawezi kukipata bila yeye. Ufunguo, habari, ushahidi, njia ya kutoka. Na kitu hicho kionekane kabla hakijahitajika.

StelingiHafi:
Kama alikuwa mzuri hivi, kwa nini miaka ya 1960 kuelekea mwisho anapungua? Na je, hakupewa ustelingi?

RiliYaTatu:
Alipewa. Mwaka 1957 ilitoka picha yenye jina lake kabisa, Johnny Walker, na 1958 Mr. Qartoon M.A. Lakini mwendo wake ulikuwa wa kuingia, kuwasha moto na kutoka. Chumvi ni chumvi, haigeuki ugali.

Kupungua kuna sababu zaidi ya moja. Guru Dutt alifariki Oktoba 1964, na yeye ndiye aliyekuwa akimwandalia nafasi zenye uzito. Halafu akaja mchekeshaji Mehmood na mtindo tofauti. Jambo ambalo watu hawalijui: Mehmood huyo huyo yumo kwenye CID, ndiye Sher Singh, muuaji. Na kwenye Pyaasa ni mmoja wa ndugu wa Vijay. Miaka michache baadaye ndiye mchekeshaji ghali kuliko wote.

Mtindo wa Mehmood ulikuwa na hadithi yake pembeni: mchumba wake, mara nyingi Shubha Khote, na mzee mkali, mara nyingi Dhumal. Watatu hao wana mapenzi yao, vikwazo vyao na suluhisho lao, yote ndani ya picha ya mtu mwingine. Watu walipenda sana. Lakini piga hesabu ya rili, yaani mizingo ya filamu. Rili moja ya futi 1,000 ni dakika 11 hivi. Picha ya saa 2 na nusu ni rili 14 hivi. Hadithi ya pembeni ikila rili tatu, stelingi na mchumba wake wamebaki na 11, na kila ukirudi kwao inabidi ukumbushwe walikuwa wapi. Waliomwiga Mehmood bila kipaji chake wakaifanya sehemu hiyo kuwa kitu cha kubandika. Wenye majumba ya sinema walipotaka kufupisha picha ili waongeze onyesho, mkasi ulianzia hapo, kwa sababu haikuuma. Jaribu kumkata Abdul Sattar kwenye Pyaasa uone kama Vijay atatoka hospitali.

Jambo la mwisho ni maneno yenyewe. Vichekesho vilianza kuelekea matusi ya mafumbo, naye hakutaka. Alikuwa anajivunia kwamba katika picha zake zote bodi ya ukaguzi haikuwahi kumkata hata mstari mmoja.

BintiMalindi:
Na alikuwa mtu wa nyumbani, tusilisahau hilo. Yeye na mkewe Noor, ambaye ni mdogo wa mwigizaji Shakila, walikutana kwenye Aar Paar ya 1954, na wana wimbo pamoja mle. Familia ya mwanamke haikuridhia, wakaoana hivyo hivyo. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa wa kwanza kukataa kushuti siku za Jumapili, enzi ambazo mwigizaji alikuwa anazunguka studio tatu kwa siku.

Tuzo: Filmfare ya mwigizaji msaidizi kwa Madhumati, na ya mchekeshaji kwa Shikar ya 1968. Zingatieni ile ya kwanza. Alishindanishwa na waigizaji wasaidizi wote, wa kulia na wa kucheka, wakati tuzo ya peke yake ya wachekeshaji haijaanzishwa.

MkaaBalkoni:
Kwa anayetaka sini moja tu ya kumpima, akatazame Anand ya 1971, muongozaji Hrishikesh Mukherjee. Rajesh Khanna ni mgonjwa anayejua anakufa, na mchezo wake ni kumpiga mgeni begani njiani na kumwita Murarilal, kana kwamba wanajuana miaka. Watu wanashangaa, wanakasirika, wanapita. Mpaka anampiga begani Isa Bhai, yaani Johnny Walker. Isa Bhai hashangai. Anageuka na kumjibu kama rafiki wa siku nyingi, naye anamwita Jaichand. Aliyekuwa anatania ametaniwa.

Tazameni kugeuka kule. Angeweza kuweka mshangao kwanza, kisha uelewa, kisha jibu, kama tunavyofundishwa. Anauruka mshangao wote. Kwa mtu wa tamthilia kama Isa Bhai, kuingizwa kwenye mchezo na mgeni ni jambo la kawaida, kwa hiyo anajibu bila kusita. Baadaye, akishajua Anand anakufa, anakuja kumwona na kushikilia ile ile lugha ya jukwaani mpaka kilio kinamshinda. Hakubadilisha sauti wala mwendo. Ni kichekesho kile kile, kimewekwa mbele ya kitanda cha mgonjwa.

StelingiHafi:
Nimeelewa sasa. Alimaliza na picha gani? Na nianze na zipi, nikitafuta kopi zisizokatwa?

RiliYaTatu:
Alikaa kando muda mrefu, Kamal Haasan, stelingi na muongozaji, akamrudisha kwenye Chachi 420 ya 1997 kama Joseph, fundi wa vipodozi anayemgeuza stelingi kuwa mwanamke. Tena ni yule yule: bila Joseph hakuna Chachi, hakuna picha. Alifariki Mumbai, ile Bombay ya zamani, tarehe 29 Julai 2003.

Mpangilio: CID kwanza kwa sababu ni nyepesi na inakwenda mbio. Halafu Mr. & Mrs. '55, umwone akiwa na mchumba wa kutaniana naye. Pyaasa ya tatu, kisha Madhumati. Anand iwe ya mwisho, ukiwa umeshamzoea.

FundiSauti:
Kuhusu kopi, kaka, angalia urefu kabla ya kupakua. Pyaasa kamili ni dakika 146 hivi. Kanda nyingi zilizopitia televisheni zinakwenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo dakika karibu 6 zinapotea bila kitu kukatwa, na sauti za watu zinapanda kidogo. Ukikuta 140 usiogope. Ikishuka chini ya saa 2 na dakika 15, kuna nyimbo zimeondolewa, na mara nyingi wa kwanza kuondolewa ni wa mchekeshaji. Peleka mbele mpaka bustanini uhakikishe msugua vichwa yupo, ndipo uihifadhi.